Mwito wa Kumwitia Mlembe

Mvulana mmoja wa Mangapwani, katika kisiwa cha Unguja, alikuwa na mjomba wake aliyekaa mbali sana, ng'ambo ya mto Ruvuma, katika nchi ya Niassa iliyo upande wa Msumbiji. Mjomba huyo alioa kwa Wayao, na kazi yake ilikuwa kurina asali ya mwituni. Mwaka mmoja alikuja Unguja kuwatazama jamaa zake, akamwona mpwa wake amekua, akamwambia, "Shule itakapofungwa utakuja kwetu, urine asali kwa mara yako ya kwanza. Lakini sisi hatuwatafuti nyuki peke yetu. Humwita mlembe atuongoze. Mwito wake nitakufundisha huko huko. Usiwe na haraka."

Mlembe ni ndege mdogo wa rangi ya kijivujivu, apendaye kula nta na majana, yaani watoto wa nyuki. Ajua nyuki wamekaa katika mti gani, lakini hana nguvu ya kuupasua mti, wala hawezi kuwafukuza nyuki. Mtu anayo shoka na moto, lakini mti haujui. Basi kila mmoja anacho kile akikosacho mwenziwe. Mlembe akimwona mtu hulia, akaruka mti hata mti, na mtu humfuata mpaka penye nyuki.

Mjomba alipokwisha kuondoka, mvulana hakuweza kungoja. Akaenda kwa mwalimu wake, akamwuliza, "Mwalimu, watu humwitaje mlembe?" Mwalimu akamweleza habari za Waborana wa kaskazini ya Kenya. Hao wana mbinja yao iitwayo fuulido, isikiwayo mbali kupita kilometa 1, nao huipiga kwa njia tatu: kwa kupuliza ndani ya ngumi mbili zilizofumbatwa pamoja, au kwa kaka la konokono lililotengenezwa, au kwa koche lililotobolewa ndani. Tena mwaka 1989 wataalamu wawili walitangaza ya kuwa Mborana atafutaye nyuki bila mlembe huwaona baada ya saa 9 hivi, bali akiongozwa na mlembe, saa 3 na kidogo zamtosha.

Mvulana akafurahi, akazijaribu njia zote tatu. Ngumi hazikumgharimu kitu, lakini mikono ilipotoka jasho sauti ilipotea. Koche lilikuwa gumu kutoboa, akajikata kidole. Lakini kaka la konokono lilitoa sauti kali mara ya kwanza tu. Akamtuma rafiki yake aende mbali ufukweni na kitambaa cheupe, akipunge kila aisikiapo sauti. Rafiki akaenda hata akaonekana mdogo kama kaa, na kitambaa kikapungwa. Mvulana akasema moyoni, "Hili ndilo bora." Akalifunga katika kitambaa hicho hicho, wala hakumwambia mtu. Alitaka kumshangaza mjomba wake.

Shule ilipofungwa akasafiri, akavuka Ruvuma, akapokewa vizuri. Asubuhi ya kwanza waliingia mwituni, mjomba na wenzake wawili, na mvulana nyuma yao. Walipofika mahali penye miti mikubwa, mvulana akatoa kaka lake, akapuliza kwa nguvu zake zote. Mwitu ukanyamaza. Akapuliza tena, na tena, hata mashavu yakamwuma. Hakuja ndege.

Wale wenzake mjomba wakacheka. Mjomba hakucheka. Akatetemesha ulimi wake, akatoa sauti ndefu, "Brrr," akaimaliza kwa mguno mfupi, "hm." Akaenda hatua chache, akaita tena vivyo hivyo. Haukupita muda mrefu, ndege akalia juu ya tawi.

Mvulana akaona haya, akaficha kaka mfukoni. Jioni akasema, "Mjomba, sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko yako. Mbona aliikataa?"

Mjomba akamjibu, "Hakuikataa, mwanangu, hakuijua. Sauti hii mimi nimefundishwa na baba mkwe wangu, naye alifundishwa na baba yake. Ndege wa hapa wamejifunza ya kuwa ajaye na sauti hii ana shoka na moto, na nyuma yake hubaki nta. Wewe ulipiga kelele kubwa, lakini hukumwambia neno."

Basi mvulana akaanza kujifunza. Siku ya kwanza ulimi ulimkatalia, akatoa mate tu, na watoto wa mji wakamcheka. Usiku akajizoeza peke yake karibu na moto. Siku ya tatu mjomba akamwambia, "Leo utaita wewe. Sisi tutanyamaza." Mvulana akaita njiani kutwa nzima, hata koo likakauka. Jua lilipoanza kuteremka, mlembe akaja, akaruka mbele yao, manyoya meupe ya mkiani yakionekana, hata akatua na kutulia juu ya mti mmoja. Nyuki walikuwamo. Wakawafukiza moshi kwa majani mabichi, wakapasua mti, wakapata asali. Mjomba akampa mvulana pande la nta, akamwambia, "Mwekee mwenyewe juu ya majani. Leo alikuitikia wewe."

Aliporudi Mangapwani, alimsimulia mwalimu wake kila jambo, hata kicheko cha wale watoto. Mwalimu akamwonyesha hesabu. Mwaka 2016 wataalamu waliofanya kazi pamoja na Wayao wa Niassa walitangaza ya kuwa mtu aitaye kwa mwito wa Kiyao huongozwa na mlembe mara 66 katika 100, bali kwa sauti nyingine mara 33 tu. Na mwaka 2023 ilitangazwa ya kuwa walembe wa nchi ya Wahadza, katika Tanzania, huitika mbinja za Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Huko Niassa mambo ni kinyume: mwito wa Kiyao hushinda mbinja za Kihadza karibu mara mbili.

Mvulana akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwalimu, wale watoto walionicheka wasipojifunza kwa baba zao, ndege nao watausahau mwito."

Mwalimu akasema, "Ndivyo."

Wahenga wamenena, ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Atakaye kuitikiwa na aanze kwa kuuliza mwito wa mahali pale, kisha auzoee mpaka ulimi wake usikose.