Kupiga Picha Ndege na Wanyama wa Usiku huko Amani

Ukitoka Muheza, katika Mkoa wa Tanga, barabara hupanda kiasi cha kilomita 35 katika vilima vya Usambara ya Mashariki mpaka Amani, karibu meta 900 juu ya bahari. Wajerumani walianzisha bustani ya miti hapo mwaka 1902, wakapanda miti ya pande nyingi za dunia. Kwa kuwa bustani imepakana na msitu, ndege na wanyama huingia na kutoka kama wenye nyumba. Si ajabu basi kwamba wageni wengi hufika na kamera.

Asubuhi ni zamu ya ndege. Chozi huruka ua hadi ua akinyonya maji matamu. Yuko hata chozi mmoja ambaye wataalamu wamempa jina la Amani. Amkimbiliaye hupata picha ya tawi tupu. Afadhali kuchagua ua moja lililo juani, ukae kimya, naye atakuja mwenyewe.

Lakini subira peke yake haitoshi. Huruma nayo yatakiwa. Mtazame hondohondo. Wakati wa kuatamia, jike hujifungia katika tundu la mti, na mlango huzibwa ukabaki ufa mwembamba tu. Dume ndiye amletaye chakula. Mpiga picha akijisogeza chini ya mti huo, dume huogopa kutua, na mama hawezi kutoka kujitafutia. Mtu hufurahia picha yake, kumbe walio ndani wanashinda njaa.

Jua likichwa, zamu hubadilika. Komba huanza kulia kama mtoto mchanga. Ndiye yule tunayemtaja tusemapo fulani ni mlevi kama komba, kwa jinsi apendavyo tembo la mnazi. Nyuma ya jicho lake mna utando ung'aao kama kioo, urudishao mwanga. Ndiyo maana ukimulika mti huona kama makaa mawili ya moto. Jicho hilo limeumbwa kwa ajili ya giza. Mwanga mkali wa ghafula humpumbaza, na mnyama arukaye tawi hadi tawi hana nafasi ya kukosea. Basi funika kurunzi kwa kitambaa chekundu, wala usimmulike kwa muda mrefu.

Fungo ni rahisi zaidi kwa mwenye akili. Yeye hupenda kupita njia zile zile, na choo chake huwa mahali pamoja. Ukiijua njia yake, waweza kutega kamera ijipigayo yenyewe mnyama apitapo, ukaenda zako kulala. Jambo hili si geni: Mjerumani Carl Georg Schillings alitoa kitabu mwaka 1905 chenye picha za wanyama alizopiga usiku katika nchi ya Wamasai kwa mwako wa unga wa magnesiamu.

Nawe msomaji, si lazima usafiri mpaka Amani. Huenda nyuma ya nyumba yako mna kiota, au nungunungu ajaye usiku kuchimba mihogo. Jifunze kwanza desturi zao, kisha shika kamera. Ukiona mzazi harudi kiotani, ondoka mara moja. Picha itapatikana siku nyingine. Kinda aliyekufa kwa njaa hapatikani tena.