Kiwanja Kando ya Mto Pangani

Asubuhi Milima ya Usambara ijifunikapo ukungu, na Mto Pangani ukipita taratibu chini yake, ni rahisi mgeni wa Korogwe kumwamini dalali.

“Ndugu, utavua samaki ukiwa barazani,” aliniambia.

Nilipima kiwanja kwa miguu, toka ukingoni hadi kigingi cha mwisho: hatua 32. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Na maji hayohayo, ndugu msomaji, husafirishwa kwa bomba hadi Handeni, ambako akina mama waijua vema thamani ya ndoo moja.

Nilipomweleza, dalali alicheka, akapunguza bei. Akiba yetu, mimi na mke wangu, niliirudisha mfukoni.