Barua kutoka Ohio: Nusa redio kabla ya kulipa

Ndugu zangu mlioko nyumbani,

Kila mwezi Mei, mji mdogo wa Xenia hapa Ohio hufurika watu wa redio za ridhaa, yaani wenye leseni wanaozungumza hewani na wenzao wa nchi za mbali bila kutafuta faida. Maonyesho yao, Hamvention, yalianzia Dayton mwaka 1952, na tangu 2017 yamehamia Xenia. Nje ya kumbi kuna gulio la mitumba lenye meza nyingi za mitambo ya redio ya kampuni kama Kenwood, Yaesu, Collins na Heathkit. Baadhi ya mitambo hiyo imeachwa na wazee waliofariki, na wanaoiuza ni wajane au watoto wao. Mtu wa kwetu anayetaka kumtumia nduguye mtambo mzuri kwa bei nafuu atavutiwa na meza hizo, na mara nyingi pua itamwambia jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Ninaloshikilia ni hili: redio iliyokaa na mvutaji sigara isikataliwe, ila isihesabiwe kuwa imenunuliwa mpaka isafishwe. Moshi uliomo ni deni. Mnunuzi asipolilipa, litalipwa na fundi, au na watoto wa nyumba itakamofikia.

Wako wanaosema dawa ni kupita tu ukisikia harufu. Ushauri huo ungefaa kama wavutaji wangekuwa wachache. Mwaka 1965, watu wazima wapatao 42 katika kila 100 hapa Marekani walikuwa wakivuta sigara, na redio hizi huendeshwa kwa saa nyingi, mara nyingi usiku, ndani ya chumba kidogo kilichofungwa dhidi ya baridi. Ukikataa kila mtambo uliopitiwa na moshi, umekataa sehemu kubwa ya mitambo ya miaka ya 1960 na 1970. Tena hiyo ndiyo mitambo ambayo fundi wa kawaida anaiweza. Vipuri vyake ni vikubwa, vinashikika kwa mkono, na michoro yake ya saketi bado inapatikana. Redio nyingi za leo zimejaa vipuri vidogo kiasi kwamba kubadilisha kimoja kunahitaji vifaa ambavyo karakana nyingi hazina.

Wengine husema kinyume chake: harufu haijawahi kuua redio, kwa hiyo iwashwe tu itumike. Hapo wanachanganya harufu na kinacholeta harufu. Moshi wa sigara huacha lami, utando wa rangi ya kahawia unaonata. Redio ya vali, yaani ya zile taa za kioo za kizamani, ikipata moto, hewa ya chumbani huingia kupitia matundu ya kasha kwenda kupoza vali, na lami huingia nayo ikatua ndani. Ikishatua, vumbi hunata juu yake. Vumbi hilo huziba njia ya hewa na kuzuia joto lisitoke. Likiingia kwenye swichi, sauti hukatikakatika na nobu hukwaruza kila inapozungushwa. Likikaa karibu na sehemu zenye umeme mkubwa, hunyonya unyevu na kuupa umeme njia ya kuvuja. Chumba cha Ohio wakati wa baridi hukaushwa na mashine ya kupasha joto, hivyo hitilafu hiyo inaweza kujificha miaka. Redio ileile ikifika Tanga au Mombasa, hewa ya bahari itaifichua.

Kusafisha basi ni matengenezo, na kuna utaratibu wake. Kwanza usalama: redio ya vali hubaki na mamia ya volti ndani ya kapasita zake, yaani vipuri vinavyohifadhi chaji, hata baada ya kuchomolewa ukutani, na anayefungua kasha awe anajua namna ya kuzitoa chaji. Kisha vumbi kavu liondolewe kwa brashi laini kabla ya kitu chochote cha majimaji kugusa mtambo. Nobu zivuliwe, ziloweshwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, zisuguliwe kwa mswaki kwenye mifereji yake. Uso wa redio upanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, tena baada ya kujaribu pembeni, kwa sababu baadhi ya maandishi hufutika pamoja na uchafu. Spiriti ya asilimia 99 inafaa kwenye chuma. Kwenye plastiki angavu ya kioo cha stesheni isitumike, kwani huweza kuitia nyufa ndogondogo. Asetoni ikae mbali kabisa, maana huyeyusha plastiki nyingi. Kitambaa cheupe cha kwanza hutoka cha kahawia, na kazi huendelea mpaka kimoja kitoke cheupe. Karatasi ya spika na sponji havioshwi, na vikiwa vimeshika moshi sana vibadilishwe.

Njia za mkato zipo. Manukato hufunika harufu mpaka redio ipate moto tena. Mashine za ozoni zinasifiwa sana, lakini ozoni hudhuru mapafu na hukausha mpira mpaka ukapasuka, huku lami ikibaki palepale. Kuhusu afya, mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walionyesha kuwa nikotini iliyoganda juu ya vitu vya ndani hukutana na asidi ya nitrasi iliyomo hewani na kuzaa nitrosamini, kemikali zinazosababisha saratani. Hilo halimaanishi kwamba redio moja ni sumu ya kukimbiwa. Linatosha, hata hivyo, kumtaka mtu avae glavu, afungue madirisha, na asimwachie mtoto atambaaye kasha lenye lami.

Ndiyo maana nasisitiza kazi hii ifanyike huku kabla ya kufunga mzigo. Kontena hukaa wiki nyingi baharini likichemka kwa jua, na harufu ya redio moja huhamia kwenye nguo na magodoro ya watu wengine. Anayenunua na ahesabu saa za usafi, spika mpya na malipo ya fundi, aviondoe kwenye bei anayotaja mezani, kisha aulize leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi inakokwenda. Muuzaji mkweli hatakasirika. Na fundi wa nyumbani akipokea redio chafu, msimwambie ni kupangusa tu: mlipeni kazi hiyo kama mnavyomlipa ya kulehemu, kwa sababu redio haijapona mpaka kazi zote mbili zimalizike.

Ndugu yenu wa Ohio.