Kabla ya kuhamisha jina la tovuti ya kikundi
Ndugu mkulima, leo naacha mbolea kidogo. Baadhi ya vikundi ninavyovihudumia hupokea oda kwa baruapepe yenye jina la kikundi. Jina likipoteza njia, oda nazo zinapotea, na parachichi haisubiri.

DNS ndiyo inayogeuza jina kuwa namba ya seva. Wengi wakiihamishia kwenye huduma ya wingu kama Cloudflare au Route 53 hukumbuka rekodi ya A, ya tovuti, wakasahau MX, ya baruapepe. Tovuti inafunguka, watu wanafurahi, kumbe barua haziingii. Cloudflare hujaribu kuzisoma rekodi za zamani yenyewe, ila mimi siitegemei peke yake. Nakaa na katibu tunalinganisha moja moja.

Ukitaka kubadili namba ya seva, shusha TTL siku mbili kabla. Kama ni 86400, yaani sekunde za siku nzima, weka 300, ambazo ni dakika 5. Kisha tuma barua ya majaribio kutoka anwani ya nje. Neno la siri likae kwa viongozi wawili, si kwa kijana aliyetengeneza tovuti peke yake. Naye ana haki ya kuhama mji.