Kompyuta Inaposema Faili Imekosekana



Kompyuta siku hizi si chombo cha ofisini peke yake. Imeingia katika nyumba za askari, ikawekwa juu ya meza ile ile ambapo watoto hufanyia kazi za shule na akina mama huandika hesabu za mwezi. Ndani yake tumehifadhi vitu ambavyo zamani vilikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda: vyeti, barua za kazi, picha za harusi na nyaraka za kiinua mgongo. Kwa hiyo siku mashine hiyo inapokataa kuwaka, ikaandika kwa Kiingereza katika kioo cheusi kwamba faili fulani imekosekana, moyo wa mwenye nyumba hushtuka kana kwamba ameambiwa sanduku limeibwa.

Neno langu kwenu leo ni kwamba aghalabu sanduku lingalipo. Ujumbe ule hueleza tu mahali mashine ilipokwama katika kuamka kwake. Kinachopoteza mali za watu, kwa jinsi nilivyoona mara nyingi, ni haraka inayofuata: haraka ya mwenye kompyuta atakaye ifanye kazi jioni hiyo hiyo, na haraka ya fundi atakaye kupokea malipo na kumwita mteja mwingine.

Yafaa kwanza tujue kompyuta huamkaje. Askari watanielewa upesi, maana jambo hili lafanana na kupokezana zamu ya ulinzi. Unapobonyeza kitufe, wa kwanza kuamka ni programu ndogo iliyotiwa kiwandani katika chipu, juu ya ubao mkuu wa mashine. Katika kompyuta za zamani huitwa BIOS, na katika zile mpya huitwa UEFI. Programu hiyo hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha hutafuta wa kumkabidhi zamu. Katika mashine za mtindo wa zamani, husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512 tu, yaani maandishi yasiyojaza hata nusu ya ukurasa wa daftari. Katika mashine za UEFI, huenda moja kwa moja kwenye sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa kazi ya kuwashia.

Kutoka hapo zamu hupokewa na faili ya kuanzishia. Katika Windows XP faili hiyo iliitwa NTLDR. Tangu Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, kazi hiyo imekuwa ya BOOTMGR. Huyu naye husoma daftari lake, liitwalo BCD, ili ajue Windows imewekwa sehemu gani ya diski. Kisha humwamsha winload, naye winload hupakia kiini cha Windows, faili iitwayo hal.dll, na daftari la mipangilio liitwalo SYSTEM. Mmoja wao asipoitika, msafara wote husimama, na yule aliye macho wakati huo ndiye anayeandika ripoti.

Basi ripoti hiyo isomwe kama tunavyosoma ripoti ya mlinzi wa lango. Akisema, "Sikumwona aliyepaswa kupokea zamu," hasemi kwamba mtu huyo amekufa. Huenda amelala, huenda amehamishwa, au mlinzi mwenyewe amebisha mlango usio wake. Katika siku za Windows XP, watu wengi walihangaika kutafuta hal.dll mpya kwa sababu kioo kilisema haipo, ilhali faili yenyewe ilikuwa salama mahali pake. Kosa mara nyingi lilikuwa katika faili nyingine, boot.ini, iliyoielekeza mashine kwenye sehemu isiyo sahihi ya diski.

Mimi nilitumikia miaka mingi katika karakana ya redio za polisi kabla ya kustaafu, na kanuni tuliyofundishwa kule ilikuwa fupi: anza na umeme, fuata waya, ndipo ufungue sanduku. Nimeona kwamba kanuni hiyo yafaa kwa kompyuta pia, ila kompyuta yahitaji kuongezewa kanuni ya pili: usitengeneze kitu kabla ya kuokoa kilicho ndani.

Mwaka 2023 alinijia mjane wa sajini mmoja aliyeishi jirani na kambi yetu. Alikuja na mwanawe, wamebeba kompyuta ya mezani iliyofungwa katika shuka. Kwa siku mbili mfululizo ilikuwa imeandika kwamba BOOTMGR imekosekana.

"Mzee," akaniambia, "fundi wa mjini amesema kila kitu kimekwisha. Anataka kufuta diski na kuweka Windows upya. Picha za marehemu zimo humo, na nakala za barua zote tulizoandika kudai malipo yake. Karatasi zenyewe ziliharibika nyumba ilipovuja."

"Mama, ulimkubalia?"

"Nilimwambia nitarudi kesho."

Nikamwambia kwamba kwa neno hilo moja amejisaidia kuliko vyombo vyangu vyote. Maana kompyuta iliyozimwa haipotezi zaidi, bali diski iliyofutwa na kuandikwa upya hufunika maandishi ya zamani, na kuyarudisha huwa kazi ngumu, ya gharama, na wakati mwingine isiyowezekana kabisa.

Tulianza na mambo ya nje. Nilitazama kama kuna flashi iliyosahauliwa katika tundu la USB. Jambo hilo dogo husababisha taharuki nyingi, kwa sababu mashine zilizopangwa kusoma flashi kabla ya diski huikuta haina faili za kuwashia, zikalalamika. Hapakuwa na flashi. Nikaingia katika mipangilio ya BIOS nikatazama saa na tarehe. Lau saa ingerudi nyuma miaka kadhaa, ningeshuku betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya ubao mkuu, ambayo katika kompyuta nyingi ni ya aina ya CR2032, ya volti 3. Betri hiyo ikifa, katika mashine nyingi mipangilio hurudi ile ya kiwandani, na utaratibu wa kuisoma diski waweza kubadilika. Saa ilikuwa sahihi. Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wa mashine, nikapangusa vumbi, nikachomoa na kuchomeka tena waya wa diski katika ncha zote mbili. Nilipowasha, diski ilionekana katika orodha ya BIOS, lakini ujumbe ulikuwa ule ule.

Ndipo nikainamisha sikio. Diski ile ilikuwa ya aina ya sahani zinazozunguka, na kila baada ya muda ilitoa mlio wa kugonga, kama kucha juu ya meza. Mlio huo ni wa kuogopwa. Mara nyingi ni dalili kwamba kichwa cha kusomea chashindwa kupata mahali pake, na kwamba diski imebakiwa na muda usiojulikana. Mtu akiiamuru diski ya namna hiyo ijikague na kujirekebisha kwa amri ya chkdsk, huilazimisha kufanya kazi nzito kwa saa nyingi, na yaweza kukata roho katikati ya matibabu.

Kwa hiyo sikugusa Windows. Nilichomeka flashi yenye Linux, mfumo unaopatikana bure na unaoweza kuwaka kutoka katika flashi yenyewe bila kusakinishwa, nikachagua kuujaribu tu. Baada ya dakika chache nilifungua diski ya mama yule kama mtu anayeingia nyumba kwa mlango wa nyuma. Folda zilikuwapo. Nilipofungua picha ya kwanza, marehemu alitokea amesimama katika gwaride, na mjane wake akakaa kimya muda mrefu kabla ya kusema, "Ndiye."

Tulinakili barua kwanza, kisha picha, maana katika uokoaji hutangulizwa kile kisichoweza kupatikana tena. Kazi ilichukua zaidi ya saa mbili, kwani diski ilikuwa ikisitasita. Zilipokuwa salama katika diski ya nje ndipo nilipojaribu kuirudisha Windows kwa flashi ya kusakinishia. Ikawaka. Hata hivyo nilimshauri mwanawe anunue diski mpya bila kungoja, kwa kuwa kuwaka siku moja si kupona. Diski ile ya zamani ilinyamaza moja kwa moja majuma matatu baadaye.

Kutokana na hayo, ningependa kila nyumba ishike utaratibu huu. Kwanza, nakili ujumbe neno kwa neno katika karatasi, au uupige picha kwa simu, kwa maana jina la faili na namba ya kosa humwonyesha fundi kituo ambapo msafara umesimama. Kwa mfano, namba 0xc000000f mara nyingi huelekeza kwenye daftari la BCD. Pili, ondoa flashi na vyombo vyote vya nje, kisha ujaribu tena. Tatu, tazama saa, betri na waya. Nne, okoa mali yako kwa njia ya Linux, au mpe fundi diski na umwamuru anakili kabla ya kutengeneza. Tano, na hapo tu, karabati.

Kwa ukarabati wenyewe, Microsoft hutoa bure programu ya kutengeneza flashi ya kusakinishia Windows. Flashi ya gigabaiti 8 yatosha, na ikumbukwe kwamba vyote vilivyomo humo vitafutwa. Ukiisha kuwasha kwa flashi hiyo, chagua sehemu ya ukarabati, wala usichague kusakinisha. Ukarabati wa kujiendesha wenyewe mara nyingi hutosha. Usipotosha, mwenye ujuzi zaidi aweza kutumia amri za bootrec kujenga upya daftari la BCD, na sfc kurudisha faili za Windows zilizoharibika, akihakikisha kwanza diski inasomeka kwa herufi gani, maana katika hali hiyo C yaweza kuwa D. Wala asidanganywe na tovuti zinazogawa faili moja moja kama hal.dll. Faili ya kiini cha mashine ichukuliwe kutoka kwa mwenye kuitengeneza; ikitoka kwa mtu usiyemjua, yaweza kuwa mwizi aliyevaa sare.

Yapo maonyo mawili kwa wasomaji wetu hasa. Kompyuta ya kazini si ya kufunguliwa nyumbani wala kupelekwa kwa fundi wa sokoni, hata kama kosa laonekana dogo. Ripoti kwa wanaohusika, maana iliyomo si siri yako peke yako. Na kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa BitLocker, ambayo ufunguo wake wa dharura ni tarakimu 48. Bila tarakimu hizo, hata Linux haitausoma ndani. Ziandike mapema katika karatasi, uzitunze mbali na mashine yenyewe.

Katika nchi zetu zinazopakana na Ziwa Viktoria, ambako radi ni nyingi na umeme hukatika bila kuaga, sababu ya ujumbe huu mara nyingi ni kuzimika kwa mashine katikati ya kuandika faili zake, hasa inapojisasisha. Mvua inapokusanyika, izimeni kwa utaratibu na mchomoe waya ukutani. Watoto waelezwe kwamba kompyuta inapoandika kuwa inasasisha, kitufe cha kuzimia hakiguswi.

Mwisho, kila familia iwe na nakala tatu za vitu vyake vya thamani: moja ndani ya kompyuta, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu mbali na nyumba, pengine kwa ndugu wa kuaminika. Anayeona ni kazi ya kusahaulika na aifunge kwenye siku asiyoweza kuisahau, nayo ni siku ya mshahara. Kabla fedha za mwezi hazijagawanywa, chomekeni diski ya nje, mnakili barua na picha za mwezi huo, kisha ichomoeni na kuifungia kabatini. Kazi hiyo haizidi nusu saa, nayo humwezesha mama wa nyumba kusoma ujumbe wowote wa kioo cheusi akiwa ametulia.