Safari ya Bahari Huanzia Dumila

Mama mwenzangu, watoto wakisikia mnakwenda Zanzibar hukimbilia kufunga nguo. Wewe anza na barabara. Januari 2014 mafuriko ya Mto Mkundi yalikata barabara kwenye daraja la Dumila, na magari ya Morogoro na Dodoma yakakwama. Kwa hiyo, wakati wa mvua ondokeni siku moja mapema, mkalale Dar es Salaam, ili msifike bandarini mkihema.

Weka tayari kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Asubuhi wape chai na mkate mkavu tu. Bahari haipendi tumbo lililojaa. Beba tangawizi, kanga moja ya akiba na kopo lenye mfuniko kwa atakayetapika.

La mwisho, kubaliana na baba watoto mkiwa bado nyumbani. Julai 2012 meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe, na watu wengi walikufa. Mkikuta chombo kimejaa kupita kiasi, msipande, hata kama mmeshalipa. Mkishaketi, waonyeshe watoto yalipo majaketi ya kujiokolea. Nauli hutafutwa tena; mtoto hatafutwi.