Kiti cha Pweza Kianjokoma

Kianjokoma ni kituo cha soko katika Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mahali ambapo mashamba ya chai na kahawa hukutana na ukungu wa msitu. Kutoka huko hadi Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, na wapo wazee wa kwetu waliomaliza umri wao bila kuiona bahari. Hata hivyo, ni huko huko nilikodarizi kiumbe wa baharini kwa mara ya kwanza, na sindano ikanifunza jambo kuhusu Kiswahili ambalo darasa halikuwa limenifunza.

Msomaji aliyepata kukaribishwa sebuleni katika nyumba za mlimani atavikumbuka vitambaa. Kila kiti huvishwa chake mgongoni na mikononi, meza nayo huvishwa chake, na mgeni huipima bidii ya mwenye nyumba kwa weupe wa bafta na unyoofu wa mishono. Aghalabu kazi hii hudhaniwa kuwa ya kupitishia wakati. Kwetu ilikuwa karo. Mama na wanawake wenzake wa kikundi walishona jioni baada ya kuchuma chai, wakauza siku ya soko, na fedha hizo ndizo zilizonifikisha chuo kikuu.

Maua waliyoyashona yalikuwa waridi. Nyanya yangu alijifunza kudarizi katika vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa nchini. Alifunzwa kunakili waridi kutoka kwenye karatasi ya ruwaza, akamrithisha Mama, naye Mama akanirithisha mimi. Nje ya mlango wetu ulisimama mti wa muringa, ambao ukichanua huitandaza ardhi maua meupe mithili ya nguo zilizodondoka kambani. Katika vizazi vitatu vya sindano, hapakuwa na mtu nyumbani mwetu aliyewahi kulishona ua lake.

Chuoni nilikutana na msamiati wa bahari: mwani, matumbawe, kasa, taa, ngisi. Jina moja liliniganda akilini: kiti cha pweza. Huyu ni yule kiumbe wa baharini ambaye kwa kawaida ana mikono mitano iliyotanda kama miale ya nyota. Aliyempa jina hilo hakutazama juu mbinguni kutafuta mfano. Alitazama nyumbani, akaona kiti. Mimi niliyelelewa katika nyumba ya viti vilivyovishwa nilihisi kwamba mtu huyo ni jirani yangu.

Idara yetu ilipotupeleka Mombasa, nilimkuta mzee mmoja katika Mji wa Kale akishona kofia iliyojaa matundu madogo yaliyozungushiwa uzi mweupe.

"Shikamoo, mzee. Tundu hili mwaliitaje?"

"Marahaba, mwanangu. Hicho ni kiua," akanijibu bila kuinua macho.

Kiua, yaani ua dogo! Uwazi usio na petali wala shina umekuwa ua kwa sababu lugha imeuita hivyo. Kadhalika leso, ambayo wengine huiita kanga, ina mchoro mashuhuri uitwao korosho. Umbo lenyewe linafanana na lile la nguo za Uajemi na Bara Hindi, na mkorosho asili yake ni Brazili, ukaletwa pwani yetu na Wareno. Leo ni nani atakayethubutu kusema kwamba korosho si ya Waswahili? Nilitambua kwamba ruwaza haiwi ya wageni kwa kuwa ilitoka mbali. Huwa ya wageni mradi hatujaipa jina na kazi kwetu. Hata waridi la Nyanya, lililosomesha watoto, lilikuwa limekwisha kupata uraia Kianjokoma.

Likizo iliyofuata nilibana bafta kwenye pete ya mbao, nikachora muringa kwa penseli upande mmoja, na kwenye kitambaa cha pili kiti cha pweza. Hapo niliona jambo ambalo macho matupu hayakunionyesha: ua la muringa lina ncha tano, na kiti cha pweza mikono mitano. Mchoro mmoja ulitosha vyote viwili. Kingo nilizipitisha mshono wa mnyororo, ambao Mama huuita njia ya siafu, na vijipele vya mgongoni mwa kiti cha pweza nikavitia kwa mafundo madogo ya uzi wa rangi ya machungwa.

Mama alivitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu, hapa watu hununua maua. Huyu mdudu wa baharini atanunuliwa na nani?"

Alijua soko lake. Kitambaa cha muringa kilichukuliwa na mwalimu mmoja kabla ya adhuhuri. Cha kiti cha pweza kilirudi nyumbani. Mama alikifua, akakipiga pasi, akakivisha kiti chake mwenyewe. Wageni wanapouliza ni nini kile, huwajibu kwa Kiembu, lakini jina hulitamka kwa Kiswahili.

Wanafunzi wenzangu, wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Katika vitambaa vya mama zetu mna msamiati ambao hatujauandika: njia ya siafu ni jina moja tu, na sijalikuta katika kamusi yoyote niliyoifungua. Macho ya Mama sasa hayaoni tundu la sindano bila miwani. Tunapofunga chuo, tuketi karibu na hao wanaoshona, tuulize kila mshono unaitwaje, kisha tuandike kabla uzi haujakatika.